Dawa ya Mvuto Haichezi Ngoma

Kila mwaka pamba ikishauzwa na vikundi vya ngoma vikianza kupambana Maswa na Bariadi, swali hurudi lile lile: manju yule, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ametumia dawa gani hata akavuta uwanja mzima? Wanaouliza ni vijana wenye vipaji, na wanachotaka ni jina la mganga. Inachosha kulijibu, lakini lijibiwe: hakuna mzizi unaotunga wimbo.

Utaratibu wa mashindano yenyewe unatosha kuwa ushahidi. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni upande uliozungukwa na watazamaji wengi zaidi. Mtazamaji hafungwi na mtu; akichoka, anageuka na kwenda ng'ambo ya pili. Chini ya kanuni hiyo, mchezo uliozoeleka hupoteza watu, na anayesalimika ni mdadisi. Chukua mfano wa jembe la bugobogobo, ngoma ya majembe: ni chombo cha shambani, ambako makundi yalilima kwa kufuata ngoma. Uwanjani jembe hilo hilo hurushwa juu, huzungushwa na kudakwa bila kupotea pigo hata moja. Nyoka walikuwa kazi ya Bayeye, mafundi wa kuwakamata na kutibu sumu yao. Leo chatu hubebwa mabegani na kuchezeshwa mbele ya umati. Hakuna hatua kati ya hizo iliyowezekana bila mtu kuthubutu kucheza na kitu ambacho wenzake walikuwa na matumizi yake tayari.

Sasa turudi kwenye dawa ya mvuto, ambayo huitwa samba. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba mabingwa wote huitumia. Ni kweli, wengi huitumia, na hapo ndipo hoja inapoanguka: walioshindwa nao waliitumia. Kitu walichonacho mshindi na mshindwa hakiwezi kueleza ushindi. Wengine husema Ngika na Gumha, waasisi wa pande hizi mbili, walikuwa waganga, na kwamba Ng'wana Malundi, mganga maarufu wa Usukuma, alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Tuheshimu masimulizi hayo kama urithi, lakini tukumbuke kwamba umati haukwenda kutazama kibuyu cha dawa, ulikwenda kutazama mchezo. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba dawa humpa mchezaji ujasiri. Inaweza kumpa, lakini mazoezi humpa ujasiri huo huo bila kumwachia deni. Tena dawa ina madhara makubwa kuliko hasara ya fedha: humpa aliyeshindwa maelezo ya bure. Akishaamini kwamba amelogwa, hajiulizi tena wimbo wake ulipooza wapi, mtindo gani uliwachosha watu, wala mpinzani alileta kipi kipya. Badala yake huanza kumshuku mpiga ngoma wake mwenyewe. Udadisi hufia hapo, na msanii asiye na udadisi ni mwigaji tu, hata akiwa na sauti ya dhahabu.

Wapo wanaohofu kwamba majaribio yataharibu mila. Mila yenyewe imejengwa kwa majaribio; mashairi mapya hutungwa kila msimu, na manju anayerudia ya mwaka jana huzomewa na wazee wale wale wanaojiita walinzi wa mila.

Ya kufanya si mengi. Tengeni siku moja ya mazoezi isiyo na mpangilio, kila mmoja alete jambo la ajabu, hata la kipuuzi. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, pigo au vazi au zana, ili mjue kipi kimefanya kazi. Jirekodini kwa simu. Chezeni mbele ya watoto, maana hawana adabu ya kuvumilia kinachochosha. Nendeni mkawatazame wapinzani. Kisichovuta mkitupe bila huruma. Fedha ya mganga nunulieni ngozi mpya za ngoma, na msimu ujao mkishindwa, msitafute mchawi. Tafuteni mtindo mwingine.