Tembo Waliohamia Usiku

Sauti ya mwanamume inatoka kwenye spika iliyofichwa, katika nyika ya Amboseli, kusini mwa Kenya: tazameni kule, kundi la tembo linakuja. Si kelele wala vitisho. Ni mtu anayezungumza kwa utulivu. Hata hivyo, familia ya tembo inayomsikia inabadilika mara moja. Majike yanasogeleana, ndama wanatiwa katikati, mikonga inanyanyuliwa kunusa upepo, kisha wote wanaondoka bila mlio. Cheza maneno hayo hayo kwa sauti ya mwanamume mwingine, na mara nyingi familia hiyo haitahangaika sana.

Tofauti ni lugha. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mmaasai, ya pili ya Mkamba. Jaribio hilo lilifanywa na Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Eneo la Amboseli, wafugaji na tembo hukutana kwenye visima na malisho, na mkuki umeshaua tembo huko. Mkulima wa Kikamba hana ugomvi mkubwa nao mahali hapo. Sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwatia tembo hofu ya namna ile, kwa sababu wao si watu wa mikuki. Miaka saba kabla, watafiti walikuwa wamewapa tembo wa Amboseli nguo zilizovaliwa na wanaume wa makabila hayo mawili. Waliponusa ya Mmaasai walikimbia mbali zaidi, na hawakutulia mpaka wamefika kwenye nyasi ndefu.

Nimeanza na mfano huu kwa kuwa unavunja dhana niliyoisikia mara nyingi, kwamba mnyama humwogopa binadamu tu, basi. Tembo haogopi binadamu kwa jumla. Anajua ni binadamu gani, wa jinsia gani na wa umri gani. Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Ameupata kwa kuishi nasi na kwa kuwafuata wakubwa wake.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya. Katika Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliangamiza tembo wapatao tisa katika kila kumi. Waliobaki na kuzaa walikuwa, kwa kiasi kikubwa, majike yasiyo na pembe, maana hayakuwa na kitu cha kumvutia mwenye bunduki. Kabla ya vita majike ya aina hiyo hayakufika hata moja katika matano; baada yake yalikuwa karibu nusu. Hayo ni mabadiliko ya kurithi. Hakuna tembo aliyeamua kutoota pembe. Wenye pembe walikufa. Njia hiyo ni ya polepole, na mnyama anayebeba mimba miezi 22 hawezi kuitegemea barabara mpya inapofunguliwa mwaka huu. Kinachoweza kubadilika kati ya leo na kesho ni tabia.

Na tabia iliyobadilika zaidi ni saa za kutembea. Festus Ihwagi, mtafiti wa shirika la Save the Elephants, alichambua mienendo ya tembo 60 wa Laikipia na Samburu waliovishwa mikanda ya GPS shingoni kati ya mwaka 2002 na 2012. Hesabu yake ni rahisi kuieleza: chukua mwendo wa tembo usiku, ugawanye kwa mwendo wake wa mchana. Palipokuwa na ujangili mwingi, uwiano huo ulipanda. Mchana tembo walijibanza, giza likiingia wakatembea. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba askari wa wanyamapori anaweza kukisoma kama onyo, bila kungoja kukuta mzoga.

Si tembo peke yao. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti 76 zilizohusu aina 62 za mamalia katika mabara sita, na picha ilikuwa moja: walipo watu, wanyama wanahamia usiku. Cha kushangaza ni kwamba mtembea kwa miguu asiye na silaha aliwasukuma gizani karibu sawasawa na mwindaji.

Hapo ndipo baadhi ya wapangaji wa miradi wanapopumua. Mnyama amejirekebisha, wanasema, mradi uendelee. Sikubaliani nao hata kidogo. Usiku ni saa za simba, na ndama anayefuata mama yake gizani yumo hatarini kuliko anayetembea saa nne asubuhi. Kwa upande wetu gharama ni ya wazi pia. Tembo anapoingia shambani usiku, anayemkabili ni mkulima aliyelala dunguni na tochi na debe la kupiga, au mtu anayewahi barabarani kabla ya mapambazuko. Mgogoro haukuisha. Umehamishiwa kwenye saa ambazo mwanadamu haoni vizuri.

Kisha kuna mashindano ya akili, ambayo mimi binafsi huyafuatilia kama mpira. Tukaweka uzio wa umeme. Madume wakagundua kwamba pembe haipitishi umeme, wakawa wanakata nyaya kwa pembe au kuangusha nguzo. Watu wa Sagalla, karibu na Voi, walibahatika zaidi walipofanya kazi na mtafiti Lucy King: mizinga ya nyuki hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Katika misimu ya mazao mashamba hayo yamewarudisha zaidi ya asilimia 80 ya tembo waliokaribia, na mkulima anauza asali. Ila ukame ukikaza, nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi mtu wala tembo.

Ukame ndio unaotufikisha kwenye kiini cha jambo. Mwaka 1993 Hifadhi ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, ilikauka vibaya. Katika miezi tisa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa, yaani mmoja katika kila watano, wakati mwaka wa kawaida hufa wawili katika mia. Charles Foley na wenzake waligundua kwamba vifo havikugawanyika sawasawa. Familia zilizotoka hifadhini kutafuta maji na majani kwingine zilipoteza ndama wachache. Zilizobaki ndani ndizo zilizopoteza wengi. Zilizotoka zilikuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa waliupitia ukame wa mwaka 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki halikuwa na wazee wa umri huo, kwa kuwa majangili walikuwa wamewamaliza miaka ya sabini na themanini.

Pembe haiachi kukua, hivyo jangili humlenga mzee kwanza. Kenya ilishuka kutoka tembo wapatao 167,000 mwaka 1973 hadi 16,000 mwaka 1989. Tanzania ikatoka kwenye takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Idadi inaweza kupona kwa kuzaliana. Jike la miaka 45 linalojua kisima kilipo, sauti ya kukimbia na njia ya kutokea, halizaliwi. Linahitaji miaka 45. Tunawadai tembo wabadilike haraka huku tukiwaua wale wenye uwezo wa kuwaonyesha namna.

Nalo eneo la kubadilikia linahitajika. Njia ya chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilianza kutumiwa na tembo mapema kwa sababu iliwekwa kwenye njia yao ya kutoka Mlima Kenya kwenda msitu wa Ngare Ndare na Lewa. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, bado unabanwa na mashamba na nyumba, na tembo wa Tarangire wakipata kiongozi mzee tena, huenda akakuta uzio mahali alipopakumbuka.

Kwa hiyo matokeo ya sensa ya wanyamapori yakitangazwa tena, msomaji, usiridhike na jumla. Uliza majike yaliyozidi miaka 35 ni mangapi, na njia zao zipi bado ziko wazi.