Chai ya zaatari haitoshi mtoto akihema mbio

Chukua kijitawi cha zaatari, ukifikiche kati ya vidole kisha unuse. Je, harufu hiyo inakukumbusha nini? Wengi husema inanuka kama dawa ya kusukutua kinywa, nao hawajakosea. Zaatari, ambayo wapishi wengi wa mijini wanaijua zaidi kwa jina la thaimu, ina kemikali iitwayo thaimoli, na kemikali hiyo hiyo imo katika dawa ya Listerine kwa kiasi cha asilimia 0.064 tu.

Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na asubuhi za baridi mwezi wa Julai. Si ajabu basi kumkuta mzazi akimchemshia mtoto mwenye kikohozi majani yenye harufu. Bungoma kuna joto zaidi, lakini kikohozi hakichagui mji. Mmoja atatumia zaatari ya paketi kutoka duka kuu, mwingine atachuma mrehani kando ya ua. Swali ni hili: ndani ya kikombe hicho mna nini hasa?

Harufu ya zaatari hutokana na mafuta yaliyohifadhiwa katika vifuko vidogo mno juu ya majani. Kilo moja ya majani makavu hutoa takriban mililita 12 hadi 25 za mafuta hayo. Humo ndimo ilimo thaimoli pamoja na nduguye, kavakroli. Kemikali hizi mbili hupenda mafuta kuliko maji, na ukilishika jambo hilo moja, mengine yote yatakuwa rahisi kuelewa.

Bakteria amezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta. Thaimoli hujipenyeza katika utando huo, ukalegea na kuanza kuvuja, na bakteria akafa. Ukungu nao huathirika vivyo hivyo. Ndiyo sababu maabara nyingi zimeripoti kwamba mafuta ya zaatari huua viini vya aina aina. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba bakteria aliye ndani ya kisahani cha maabara hana pa kukimbilia. Aliyejificha ndani ya pafu la mtoto ni habari nyingine kabisa.

Isitoshe, kwa kuwa thaimoli haipatani vyema na maji, chai huchukua sehemu ndogo tu ya kilichomo majanini. Kijiko kimoja cha majani makavu kina mafuta yasiyofikia hata tone moja kubwa, na si yote yanayoingia kikombeni. Chai hiyo ni hafifu, na kwa mtu mzima haina neno.

Hatari imo katika chupa ndogo za mafuta yenyewe. Kijiko cha chai cha mafuta hayo, yaani mililita 5, hutokana na gramu 200 hadi 400 za majani makavu. Hakuna anayeweza kunywa chai ya majani hayo yote kwa mara moja! Usimnyweshe mtoto mafuta hayo, wala usimpake puani.

Historia ina funzo kuhusu jambo hili. Kati ya mwaka wa 1909 na 1914, kampeni iliyofadhiliwa na Rockefeller kusini mwa Marekani iliwatibu watu wengi wenye minyoo ya safura kwa kutumia thaimoli. Mgonjwa alimeza gramu kadhaa, na alionywa vikali asiguse pombe wala vyakula vya mafuta siku hiyo. Kwa nini? Kwa sababu vitu hivyo viliiyeyusha thaimoli, ikaingia kwa wingi katika damu, na mgonjwa angeweza kufa. Dawa hiyo iliachwa baada ya kupatikana zilizo salama zaidi. Leo wanafunzi wa Bungoma humeza albendazole shuleni chini ya mpango wa kitaifa wa kuangamiza minyoo, ulioanza mwaka wa 2009.

Je, zaatari husaidia kikohozi? Ndiyo, kwa kiasi. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka wa 2006, watu wazima 361 wenye mkamba walipewa ama sharubati ya zaatari iliyochanganywa na mmea mwingine, ama sharubati isiyo na dawa. Baada ya wiki moja hivi, vikohozi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 69 kwa waliopata dawa, na asilimia 48 kwa wenzao. Tazama hiyo asilimia 48: karibu nusu ya kikohozi ilijiondokea yenyewe.

Na usidhani kila jani lenye harufu lina thaimoli. Mrehani mmoja wa porini hapa Kenya ulipopimwa, ulionekana kuwa na eujenoli kwa wingi, ile ile ya karafuu. Mrehani unaokuzwa karibu na msitu wa Kakamega kwa ajili ya dawa ya kuchua una kafuri, na kafuri ikimezwa kwa wingi inaweza kumtia mtoto degedege.

Mtoto wako akikohoa usiku, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha mara 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda hiyo ni nimonia, nayo huhitaji antibiotiki kama vile amoksilini kutoka kwa mhudumu wa afya. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, usingoje kupambazuke.

Kama kupumua kwake ni kwa kawaida na amepita mwaka mmoja, kijiko cha asali kitamtuliza koo. Aliye chini ya mwaka asipewe asali hata kidogo, kwani huweza kubeba viini vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua.