Kabla Kijana Hajakabidhiwa Basi

Mwezi huu ukurasa wetu unagusa jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya, yaani kijana wa nyumbani anayetaka kuwa dereva wa basi au lori. Hapa Shirimatunda, na katika mitaa mingine ya Moshi, nyumba zenye kijana wa namna hiyo si chache. Kihamba kimegawanywa mpaka kimebaki migomba michache, kazi za ofisini ni za kubahatisha, na barabara ya Arusha haiko mbali. Kijana ameanza kama utingo wa Fuso au konda wa Haisi, amejifunza kushika usukani siku dereva alipochoka, na sasa anawaambia wazazi wake: "Baba, mama, nitafutieni hela ya leseni tu, kuendesha najua."

Hapo ndipo ng'ombe huuzwa, au mama hukopa kwenye kikundi. Ombi letu kwa wazazi ni kwamba, kabla hela hiyo haijatoka, kijana afike kwanza hospitali. Udereva wa magari makubwa ni kazi ya macho, ubongo na usingizi kabla haijawa kazi ya mikono. Kasoro ya mwili ikijulikana mapema, kijana atatafuta ufundi mwingine na hela itabaki. Ikijulikana akiwa tayari na abiria 50 nyuma yake, hasara haitaishia kwenye ng'ombe.

Tueleze kwanza njia yenyewe, maana familia nyingi huibiwa kwa sababu hazijui hatua zake. Mwanafunzi huanza na leseni ya muda ya kujifunzia. Husoma katika chuo kilichosajiliwa, hutahiniwa na askari wa usalama barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) baada ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka 5 badala ya 3. Lakini leseni ya gari dogo, daraja D, haimfikishi mtu kwenye basi. Basi la abiria 30 au zaidi linahitaji daraja C, na sheria haimpi mtu daraja hilo mpaka awe ameshika daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3. Mafunzo ya udereva wa magari ya abiria hutolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na vyuo vya VETA. Kisha ipo LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu mwaka 2019, ambayo nayo huwatahini na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara.

Kwa hiyo kishoka anayekuja nyumbani na kusema daraja C itapatikana wiki ijayo bila kijana kusogea hata hatua moja, anawauzia kesi. Miaka hiyo 3 ya kusubiri si usumbufu wa serikali. Ni muda wa mtu kujifunza uzito wa gari.

Sasa tuje hospitalini. Macho ndiyo ya kwanza. Nyumbani mnaweza kufanya jaribio dogo: wakati wa mchana, kijana asimame mita 20 kutoka gari lililoegeshwa, kama hatua 25 hivi, asome namba yake kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akibabaika, aende kwenye kliniki ya macho. Mara nyingi miwani inatosha, na kuvaa miwani si aibu kwa dereva. Lakini jaribio hilo halionyeshi kila kitu. Upo ugonjwa wa presha ya macho, ambao huanza kula uwezo wa kuona pembeni pole pole, bila maumivu, huku mbele mtu akiona vizuri kabisa. Mtu wa namna hiyo husoma namba ya gari bila shida, na asimwone mtoto anayetokea kando ya barabara. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa na wale ambao ndugu zao wanao, kwa hiyo baba aliyeendesha lori miaka 20 naye apimwe.

La pili ni kifafa, na hapa tunaomba familia ziseme kweli. Katika nyumba zetu ugonjwa huu bado unafichwa. Mama anajua kwamba mwanawe alianguka akiwa kidato cha pili, lakini ananyamaza ili asimharibie riziki. Kifafa kinatibika, na wengi wanaotumia dawa vizuri huishi na kufanya kazi bila kuanguka. Hata hivyo basi na lori si mahali pa kujaribu bahati. Anguko la nusu dakika ambalo jikoni lingemwachia kovu, barabarani linaweza kuua watu wengi. Daktari aambiwe yote, pamoja na kuzimia kwa zamani na kuumia kichwa.

Kisukari na presha havimzuii kila mtu kuendesha, mradi vinatibiwa. Anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiwa hajala: mikono hutetemeka, jasho hutoka, akili huchanganyikiwa. Daktari ndiye wa kupima kama kazi hii inamfaa. Wenzetu wa Uingereza hudai taarifa ya daktari kabla mtu hajaanza hata kujifunza basi au lori, na akifika miaka 45 hupimwa tena kila baada ya miaka 5. Sisi hatuna sababu ya kusubiri kulazimishwa. Mawenzi, KCMC au Mtakatifu Yosefu pale Soweto, vipimo vya macho, presha na sukari vinapatikana.

Lakini adui mkubwa kuliko hao wote ni usingizi, na hauonekani kwenye kipimo chochote cha asubuhi. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya abiria nchini hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Ruhusa ilirudi tarehe 1 Oktoba 2023, na sasa kijana wa Moshi anayeajiriwa kwenye basi la Dar es Salaam ajue kwamba huenda akapangiwa usiku. Mwili wa binadamu haukuumbwa hivyo. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri usingizi hubana kuliko wakati wowote, na hurudi tena kidogo mchana kati ya saa 8 na saa 10. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo sawa na mwenye miligramu 50 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Yaani aliyeamka saa 11 alfajiri akaosha gari, akapakia mizigo, akangoja abiria, ikifika saa 4 usiku ni kama amekunywa, ingawa hajagusa tone.

Sheria inazuia basi na lori kubwa kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukimbia mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde 3, gari limekwenda mita 66 bila mtu, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kufungua dirisha, kupandisha muziki na kujipiga kofi havisaidii. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili, na kijana aulize jambo hilo kabla ya kukubali kazi. Hata hivyo tusidanganyane: dereva wa pili anayejikunja kwenye kiti huku basi likirukaruka, hajalala.

Desemba ndiyo mbaya zaidi. Ndugu wote wanataka kula Noeli nyumbani, tajiri anataka basi ligeuze usiku huo huo, na dereva anaogopa kukataa kwa kuwa vijana wa kumrithi wamejaa stendi. Hapo ndipo mirungi huingia. Mirungi imekatazwa na sheria ya nchi, nayo huficha uchovu tu; ikiisha nguvu, usingizi huanguka wote kwa pamoja. Hata vidonge vya mafua kama Piriton, ambavyo kila nyumba inavyo, huleta usingizi. Anayeendesha amwambie muuza dawa kazi yake. Kuhusu mbege na bia, kwa dereva wa gari la biashara sheria haivumilii hata kidogo.

Wapo wanaosema chuo ni kupoteza muda kwa aliyekwisha kuwa utingo. Tunawauliza: utingo amefundishwa na nani kushuka na lori lenye mzigo kutoka Kibosho, au kutoka Marangu kuelekea Himo? Anayekanyaga breki mteremko mzima huzichemsha, na breki iliyochemka haishiki. Njia ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati, na kuiacha injini izuie gari. Chuoni hufundishwa pia kukagua matairi, breki na taa kabla ya kuondoka. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na Kosta viligongana na kuwaka moto, watu kama 40 wakafa. Taarifa za awali zilisema tairi la basi lilipasuka. Majirani zetu wa mkoa huu wamezika, na hatuhitaji kuelezwa tairi lina maana gani.

Neno moja kwa akina mama na wake wa madereva waliokwisha kuajiriwa. Anayeendesha usiku hulala mchana, na nyumba zetu hazijui kunyamaza mchana. Wekeni pazia zito, watoto wachezee mbali, na mgeni aambiwe baba yupo lakini amelala. Asiamshwe kwa salamu. Mpikieni chakula chepesi kabla ya safari, na aondoke na maji ya kunywa, maana wengi huacha kunywa wakiogopa kusimama njiani, kichwa kikaanza kuwauma. Na asiamshwe dakika ya mwisho. Akili huchukua hata nusu saa kuamka baada ya mwili, kwa hiyo mwenye safari ya saa 12 jioni aamshwe saa 10, aoge, ale, ndipo aende stendi.