Kuipima Transfoma ya Mtaani Ikiwa na Mzigo

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama vile Umoja, ambako nyumba nyingi za chini zilizojengwa miaka ya 1970 zimegeuzwa kuwa ploti za ghorofa, au Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hata jua halifiki ardhini, transfoma iliyo juu ya nguzo hupokea umeme wa volti 11,000 na kuushusha hadi volti 415 baina ya fezi mbili, nyaya zinazoleta umeme, yaani 240 baina ya fezi moja na nyutro, waya unaorudisha mkondo. Kuipima volteji yake, yaani msukumo wa umeme, saa nane mchana hakufunui mengi, kwa kuwa wakazi wengi wako kazini. Kipimo chenye maana ni cha saa moja hadi saa tatu usiku, shawa za maji moto zinapowashwa.

Mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, hupimwa kwa amita ya kubana, ambayo taya zake hufumbata waya bila kuukata. Transfoma yenye uwezo wa kilovolti-ampea 315 hustahimili takriban ampea 438 kwa kila fezi, na kwa kuwa shawa moja ya kilowati 5.5 hula ampea 23, shawa 19 tu zikikutana kwenye fezi moja huimaliza. Mkondo ukizidi kiwango kwa nusu, joto linalozalishwa kwenye koili, nyaya zilizozungushwa ndani ya transfoma, huongezeka hadi mara mbili na robo, kwani hufuata mraba wa mkondo, na yanayoliondoa ni mafuta yaliyomo ndani yake, yale yale ambayo wezi huyanyonya usiku.

Kipimo kinachopuuzwa zaidi ni cha nyutro, ilhali ndicho kinachosema mengi: fezi tatu zikibeba mzigo sawa, mikondo yao hufutana na nyutro hubaki karibu tupu, lakini kila ploti mpya ikiunganishwa kwenye waya ulio karibu tu, fezi moja hulemewa na nyutro hujaa, nayo ikikatika, nyumba za fezi nyepesi huweza kupokea volti zinazokaribia 415, ndipo friji na televisheni zinapoungua.

Volteji nayo husomwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwenye transfoma na kwenye nyumba ya mwisho wa laini. Transfoma ikionyesha 240 na nyumba 210, kosa liko njiani: waya wenye ukinzani wa omu 0.3, kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 100 humeza volti 30, ambazo transfoma kubwa zaidi haiwezi kuzirudisha.