Uani mwa Chuo Kikuu cha Mtandaoni

Mwanafunzi wa chuo kikuu kisicho na kuta, awe Sumbawanga au Maskati, haoni ila kurasa chache: jina lake juu, orodha ya kozi zake, mihadhara iliyorekodiwa, na mahali pa kuwasilishia zoezi; na kwa kuwa hayo ndiyo yaonekanayo, na ndiyo waonyeshwayo wajumbe wa baraza la chuo siku muuzaji wa mifumo anapokuja na bidhaa yake, imekuwa desturi katika biashara hii kuipima nyumba kwa uzuri wa sebule, ilhali gharama yake, pamoja na fadhaa yote ya usiku wa mitihani, imo uani.

Soko la sebule hizo lina wakubwa wake. Blackboard, iliyoanzishwa Washington mwaka 1997, ilitamba kwa muda mrefu, na mwaka 2006, ilipokwisha kupewa hataza ya Marekani juu ya mfumo wa kufundishia mtandaoni, iliishitaki kampuni ya Kanada iitwayo Desire2Learn. Mwaka 2008 ikaamuliwa ilipwe dola milioni 3.1, mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, na mwishowe wahasimu wakapatana, lakini si kabla vyuo havijatanabahi kwamba darasa la kukodi lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana mawakili. Tangu hapo umiliki haukutulia. Instructure, yenye mfumo wa Canvas, ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya KKR mwaka 2024 kwa takriban dola bilioni 4.8, nayo Anthology, iliyoungana na Blackboard mwaka 2021, ilikimbilia himaya ya mahakama ya muflisi mwaka 2025.

Mkabala na hao ipo Moodle, programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas mjini Perth, Australia, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002 na haitozwi leseni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1969 kufundisha kwa posta na televisheni, kiliichagua mwaka 2005. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejenga madarasa yake juu ya programu hiyo hiyo. Wenye Moodle hupata riziki yao kwa njia nyingine: kampuni washirika duniani huuza ulezi wa mfumo, mafunzo na mahali pa kuuweka, kisha hutoa sehemu ya mapato kwa makao makuu. Kwa hiyo anayedhani ameepuka ankara kwa kuepuka leseni amejidanganya, kwani ankara imehamia kwenye mishahara na mashine.

Ama kiini cha chuo cha namna hii si darasa, bali ni daftari la msajili. Tuifuate safari ya ada ya mwanafunzi mmoja wa Tanzania: mfumo wa chuo humpa kumbukumbu namba ya malipo, inayotoka katika mfumo wa serikali wa kukusanyia malipo, naye hulipa benki au kwa simu, habari ya malipo humrudia mhasibu, mfumo wa usajili hubadili hali yake, hali hiyo hupelekwa kwenye daftari la utambulisho, yaani orodha moja ya majina na nywila ambayo kila mlango wa chuo huiuliza, uwe wa maktaba, wa barua pepe au wa mtihani, na hapo ndipo darasa humfungukia. Hao ni wapokezanaji kadhaa, aghalabu waliotengenezwa na watu mbalimbali katika miaka mbalimbali, na baina ya wawili kati yao pengine hakuna kiungo chochote ila faili ambalo karani hulipakia kwa mkono kila jioni. Karani akiugua, mwanafunzi aliyelipa ada yake kwa ukamilifu huambiwa kwamba hatambuliki. Kiungo hicho, ambacho muuzaji hakitaji katika maonyesho yake, ndicho ningekitazama kwanza kuliko rangi za kurasa.

Jambo la pili ni msongamano. Chuo cha kuta hupokea watu wake mlangoni mmoja mmoja. Chuo cha mtandaoni hukaa kimya wiki nzima, kisha huvamiwa katika saa moja kabla ya saa sita usiku, zoezi linapofungwa. Katika jaribio, Moodle ikiachwa katika mpangilio wake wa awali huhifadhi yenyewe, kila baada ya dakika, majibu anayoyaandika mtahiniwa, hivyo watahiniwa 3,000 wakiandika kwa pamoja wanaweza kuleta maombi 50 kila sekunde kabla hata mmoja wao hajabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Dawa inajulikana: seva kadhaa za kurasa, na mbele yake mashine inayowagawa wageni, kumbukumbu ya nani ameingia huwekwa mahali pamoja panaposomeka upesi, ili anayehamishwa seva asidaiwe nywila upya, na hifadhidata hukaa peke yake kwenye mashine yenye nguvu, maana seva za kurasa huongezwa kwa urahisi, ila hifadhidata haiongezwi hivyo, na huko ndiko foleni huishia.

Mafaili nayo yana hekima yake. Moodle hulipa kila faili jina linalotokana na yaliyomo ndani yake, kwa hiyo kitini kilichopakiwa katika kozi 40 huhifadhiwa mara moja tu. Bali majina ayajuayo mwanadamu yamo katika hifadhidata, mbali na ghala la mafaili, na fundi aliyenakili kimoja akasahau cha pili atabaki ama na majina yasiyo na vitini, ama na rundo la vitini visivyo na majina.

Wapi pa kuiweka nyumba hii? Wingu la ng'ambo huleta ankara ya dola kwa chuo kinachopokea shilingi. Fauka ya hayo, Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ilhali seva iliyoko Dar es Salaam, ikiwa imeungwa na kituo cha TIX ambako watoa huduma hubadilishana mawasiliano ya ndani, haihitaji mkongo wa bahari kumfikia mtu wa Dodoma. Mitandao ya elimu, KENET kwa Kenya na TERNET kwa Tanzania, huviwezesha vyuo kutumia njia za mawasiliano kwa ushirika, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimekwisha kulifanya suala la mahali kuwa la mwanasheria pia.

Lakini mashine hununuliwa siku moja, na mafundi hulipwa kila mwezi. Fundi aijuaye njia yote, kutoka malipo hadi darasani, ni yule yule anayetafutwa na benki na kampuni za simu, na akiondoka huondoka na ramani ambayo haikuandikwa popote. Kwa maoni yangu, chuo chenye mafundi wawili madhubuti na programu ya bure ki salama zaidi kuliko chenye leseni ghali na fundi wa kuazima.

Wajumbe wa mabaraza ya vyuo, basi, kabla ya kutia saini mkataba wowote, wamtake muuzaji afute kozi moja ya majaribio mbele yao, kisha airudishe kutoka katika nakala ya akiba, mafaili na alama zake zote, kabla kikao hakijafungwa. Akishindwa, na aondoke na mkataba wake.