Nani Amekaa Nyuma ya Ambulensi?

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashuka.)

Msikilizaji wa Kakuma na Kalobeyei, na wewe unayeisoma nakala hii ukutani pale zahanati au uliyopewa na jirani, leo tunaongea juu ya ambulensi. Swali moja linarudi sana kwenye sanduku letu la maswali, na mara nyingi limeandikwa kwa hasira: kwa nini gari lilikuja na daktari hakuwemo? Wengine wanauliza kwa nini usiku mmoja walikuja watu watatu na usiku mwingine akaja dereva na mtu mmoja tu.

Sehemu ya swali hilo tumetoka nalo nyumbani. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa na tumesikia habari za SAMU. Kule Ufaransa ukipiga namba 15, simu inafika kwenye kituo chenye daktari, na hali ikiwa mbaya sana daktari mwenyewe anapanda gari na kukufuata. Marekani na nchi nyingi zinazotumia Kiingereza zilichagua njia nyingine. Daktari anabaki hospitali. Anayekuja kwako ni mtu aliyefundishwa kazi ya dharura: anazuia usife njiani na kukufikisha kwa daktari. Kenya imefuata zaidi njia hiyo ya pili. Kwa hiyo daktari kutokuwemo garini si dharau kwa mkimbizi. Hata Nairobi, mwenye mali akianguka ofisini kwake, anayemfikia kwanza mara nyingi si daktari.

Lakini yule aliyekuja anaweza kufanya nini? Hapo ndipo panapotuhusu, kwa sababu hawalingani, hata wakivaa koti la rangi moja.

Anza na dereva. Dereva mzuri wa ambulensi amefundishwa huduma ya kwanza, anajua kushika machela bila kumvunja mgonjwa mgongo, na anajua njia za kambi hii. Lakini akishika usukani, mikono yake imekwisha. Gari lenye dereva peke yake ni usafiri tu, hata king'ora kikilia namna gani.

Nyuma kwa kawaida anakaa mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi. Wengi mnamwita EMT. Huyu anazuia damu, anafunga mfupa uliovunjika, anatoa oksijeni, anapima presha na sukari, anakandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, na mtoto akiamua kuzaliwa njiani, anampokea. Hayo si madogo. Watu wengi wanaokolewa na hayo peke yake. Asichoruhusiwa kwa kawaida ni kutoboa mshipa na kuweka dripu, wala kutoa dawa nyingi za sindano. Ukimwona hakuweka dripu, usimgombeze. Cheti chake kinamwekea mpaka, na mpaka huo unakulinda wewe.

Juu yake yupo mwenye mafunzo ya kati, anayeweza kuweka dripu na kutoa dawa chache. Juu zaidi yupo paramediki. Huyu anasoma mapigo ya moyo kwenye mashine, anaweza kuingiza mpira kooni ili mtu asiyeweza kupumua apate hewa, na anabeba dawa nyingi zaidi.

Ukitaka kuona umbali kati ya hawa watu, tazama Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamehamishiwa. Kule ngazi ziko 4, na kila jimbo linatoa leseni yake. EMT wa kule anasoma kama saa 150 au zaidi kidogo, yaani miezi michache. Paramediki anasoma zaidi ya saa 1,000. Cheti chao cha taifa kinahuishwa kila baada ya miaka 2, kwa sababu mkono usiofanya mazoezi unasahau. (Kijana mwenzangu unayesubiri safari, kumbuka hilo. Ngazi ya EMT inasomeka bila kukaa chuo miaka mingi.)

Magari nayo yanagawanyika hivyo hivyo. Kuna ambulensi ya huduma ya msingi, na kuna ya huduma ya juu yenye mashine ya moyo, ya kupumulia na dawa. Mashine ikiwa ukutani na hakuna anayejua kuisoma, gari hilo limeshuka ngazi usiku huo. Ngazi ya ambulensi inahesabiwa kwa mtu aliyemo.

Kisha kuna muuguzi na mkunga. Hawa si wa ambulensi. Ni wa wodi, lakini wanapandishwa garini mgonjwa anapopelekwa kwa rufaa akiwa na dripu au dawa inayohitaji kuangaliwa. Na hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo "subiri kwanza" inapotokea.

Tufanye hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Gari moja likae tayari usiku na mchana kwa zamu za saa 12, hizo ni zamu 14. Kila zamu inataka watu 2, dereva na mhudumu. Jumla ni nafasi 28 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya zamu 4, ambazo ni saa 48, tayari amechoka. Gawanya 28 kwa 4, unapata watu 7. Ongeza mmoja au wawili wa kushika nafasi ya aliye likizo au aliyelala na malaria. Kwa gari moja tu unahitaji watu 8 au 9. Ukiona magari mawili yameegeshwa na moja tu ndilo linalotembea, tatizo linaweza lisiwe mafuta. Linaweza kuwa ni watu.

Sasa weka safari ya Lodwar. Kutoka hapa ni kama kilomita 120, kwenda tu. Mgonjwa anayehitaji hospitali ya rufaa ya kaunti anaondoka na gari, dereva, mhudumu, na pengine muuguzi wa zamu. Muuguzi huyo akiondoka, nani anabaki na wagonjwa wa wodi? Lazima apatikane mwingine, aamshwe, akabidhiwe. Dakika hizo zinauma, hasa kwa ndugu aliyesimama nje. Lakini kumpeleka mama mwenye presha ya uzazi kilomita 120 bila mtu wa kumchoma sindano akianza kukakamaa ni kumtuma kufia barabarani. Mimi naona ni haki yako kuuliza, "Anayesubiriwa ni nani?" Ukijibiwa kwamba ni mkunga, utaelewa. Ukikosa jibu, mtafute msimamizi wa zamu.

Na sheria? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Zingatia neno hilo: mtu. Haikusema raia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inafafanua kwamba matibabu hayo yanaanzia kabla ya kufika hospitali, yanaingia kutuliza hali ya mgonjwa, na yanaendelea mpaka kupanga rufaa pale inapohitajika. Kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma hiyo, kinaweza kutozwa faini mpaka shilingi milioni 3. Kwa hiyo ukiwa mjini na kadi yako ya ukimbizi imeisha muda, dharura bado ni dharura. Sema hivyo kwa upole, na usiondoke.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye simu, maana anayepokea simu hakuoni. Anachagua gari na mtu wa kupanda kwa maneno yako. Ukisema "Njooni haraka, mama yangu anakufa," hujamwambia kitu. Ukisema "Amejifungua sasa hivi nyumbani, damu inatoka nyingi, kanga mbili zimelowa," umemwambia ampandishe mkunga na dawa ya kubana mji wa mimba. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa 2, na EMT wa msingi peke yake hana dawa hiyo. Ndivyo maneno yako yanavyobadilisha nani anakaa nyuma ya gari.

Usitaje jina la ugonjwa kama huna hakika. Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Lodwar havilingani, na jina moja linaweza kumpeleka mwenzako kwingine kabisa. Sema unachokiona. Anapumua? Anajibu ukimwita? Damu inatoka wapi? Ana mimba, ya miezi mingapi? Ni mtoto wa umri gani? Anza na mahali kabisa, kabla salio halijaisha: Kakuma ya ngapi, zoni, bloku, na alama ya karibu kama kanisa, msikiti, bomba la maji. Kalobeyei, taja kijiji. Na kama mvua imenyesha, sema upande wa laga uliko. Tarach ikijaa, gari lililo ng'ambo halina faida kwako, na ni bora wajue hilo kabla ya kuwasha injini.

Usikate simu mpaka wakuambie. Mtume kijana barabarani na tochi. Kamba za nguo zishushwe.

Wakati unasubiri, damu inayotoka kwenye kidonda ibane kwa kitambaa safi na usiachie kuchungulia. Aliyezirai lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, na usimpe maji wala uji. Mama aliyejifungua na anavuja damu, mtoto wake awekwe kwenye ziwa, maana kunyonya kunasaidia mji wa mimba kujibana. Bodaboda inafaa kwa mkono uliovunjika. Kwa mtu aliyeanguka kutoka juu na shingo inamuuma, haifai hata kidogo.

Gari likifika, anapanda ndugu mmoja. Wazee wetu wanakasirika hapa, hasa shangazi na wajomba, lakini nyuma ya ambulensi ni chumba cha kazi, na mhudumu anahitaji mahali pa kupiga goti. Apande yule anayejua habari za mgonjwa: dawa anazotumia, saa alipoanza kuumwa, alikula lini. Achukue kadi ya kliniki na kadi ya ukimbizi.

Unaweza kumuuliza mhudumu jina na ngazi yake. Wengi hawachukii kuulizwa. Mkifika hospitali, sikiliza anavyomkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa mapokezi. Akisahau kitu ulichokiona wewe nyumbani, mwambie muuguzi hapo hapo, kabla gari halijaondoka.

Wiki ijayo tutakuwa na mkunga studioni, na maswali yenu ya leo nitampa yeye. Yaandikeni, hata kwa Kirundi au Kifaransa, na mtumbukize kwenye sanduku lililo mlangoni petu.

(Muziki unapanda.)