Siku Mbili Lubumbashi, na Feza Kidogo

Vijana wengi wa Kolwezi, wa Fungurume na wa Likasi walizaliwa karibu na mugodi, wakakomea karibu na mugodi, na Lubumbashi wanaijua kwa radio na kwa telefone tu. Kiisha siku moja kijana anapata diploma, wazazi wanamutuma kule universite na sanduku moja na namba ya mjomba ambaye hajamuona tangu utoto. Anafika mangaribi, hajui hata jua linatoka upande gani. Njo pale wenye kuvizia wageni wanamupata.

Baba na mama, mumupeleke mbele. Siku mbili tu, mukiwa pamoja naye. Wengi wanasema feza haiko. Ni kweli mushahara ni mudogo, lakini safari hii haiombi mingi kama wanavyozani, ikiwa hesabu inafanywa nyumbani na si kwa kituo cha bisi.

Hesabu ya kwanza ni ya kurudi. Feza ya tikiti ya kurudi itolewe kumpala ya yote, mama aifunge kwa pembe ya kitenge, na mutu asiiguse hata akione kitu kizuri namna gani sokoni. Kama munabeba dola, muangalie kila noti. Noti yenye kupasuka hata kidogo kwa kando wanaikataa, au wanaipunguzia bei. Na mubadilishe kidogo kwa franka mbele ya kuondoka, noti ndogo-ndogo, maana mwenye taksi-bisi hatakurudishia chenji ya noti kubwa.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300, kutoka Likasi ni karibu 120. Ile barabara ni ya malori ya shaba na ya asidi. Usiku mimi sipandi, na sitamushauri mutu yeyote apande, hata bei ikiwa nusu. Kwa hiyo wa Likasi wanaweza kuondoka siku ya posho asubui na mapema, warudi siku ya yenga nyuma ya ibada. Wa Kolwezi waondoke siku ya tano asubui na kurudi siku ya yenga asubui, basi kwao ni heri wangojee likizo, watoto wasikose masomo. Likizo kubwa iko wakati wa kiangazi: hakuna matope, lakini mwezi wa 7 usiku kuko baridi kweli, mubebe triko.

Sasa kulala. Kwanza ulizia nyumba ya wageni ya kanisa. Kuko vyumba vya bei ya chini, na barua ya muchungaji wako inasaidia. Kulala kwa ndugu si bure, tuseme ukweli. Mukifika watu watano mikono mitupu kwa lupango ya shangazi, munamuingiza kwa deni na hatasema. Mubebe unga, mafuta na feza ya makala, mumupe shangazi mwenyewe siku ya kwanza, si wakati wa kuagana. Na mumujulishe mbele kwa telefone, siku ya kufika na siku ya kurudi. Shangazi anayejua siku ya kurudi anapokea na moyo mweupe.

Kufika ni kutafuta alama. Lubumbashi iko na alama moja yenye kuonekana toka mbali: ile cheminée ya Gécamines na kilima cheusi cha takataka za shaba kando yake. Kule walianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911, mwaka mmoja nyuma ya reli kufika kutoka kusini. Kijana akipotea, ainue macho aitafute. Alama ya pili ni posta, katikati ya muji. Taksi-bisi za Kenya, za Katuba na za Ruashi zinaingia centre, basi anayejua kufika posta anaweza kufika popote. Ulizia bei mbele ya kupanda. Picha, mupige watoto wenu. Musipige majengo ya serikali, wala maaskari, wala uwanja wa ndege.

Kuona kuko kwingi bila kutumia mingi. Mumupeleke mtoto muzee ya taifa, aone misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga walitumia kama feza mbele mzungu hajafika. Mtoto wa mugodi anayezani shaba ilianza na kampuni, pale anafungua macho. Muulizie saa za kufungua siku moja mbele. Kuko zoo, watoto wadogo wanaipenda kuliko vyote. Nyuma, mushuke kwa miguu mpaka Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, ambao wakoloni walitenga na muji wao kwa nafasi tupu. Vijana hawatakubali kurudi bila kuona kiwanja cha TP Mazembe, kilichofunguliwa mwaka wa 2011. Timu ile ilibeba kikombe cha Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Kukiona kwa inje hakulipishwi.

Chakula, mukule bukari na sombe kule kwa wamama wa soko, pale kuko watu wengi na sufuria iko moto. Centre, soda moja inaweza kumaliza feza ya sahani nzima.

Lakini saa mbili muziweke kando kwa ajili ya universite, kule Kasapa. Baba asiongoze. Kijana mwenyewe aulize njia, asimamishe taksi-bisi, alipe, ahesabu chenji, atafute mlango wa faculté anayotaka, aulize bei ya kuandikishwa na bei ya chumba. Wazazi mufuate nyuma, munyamaze, hata akikosa njia mara moja. Kiisha awarudishe mpaka posta. Yote aandike kwa kakaye: jina la kituo, bei, namba ya bisi. Kile kikaratasi ndicho atakibeba mwaka unaokuja akija peke yake.